Mawimbi Yaliyovuka Ngong Road

Tega redio kwenye 99.9 FM ukiwa Kibera, utapata Pamoja FM. Vuka Ngong Road, pita Dagoretti Corner, ingia Kawangware bila kugusa kitufe: 99.9 ile ile sasa ni Mtaani Radio. Ukienda Korogocho ni Koch FM, na ukishuka Mukuru ni Ruben FM. Redio za mitaa ya mabanda ya Nairobi hugawana namba moja, na mitambo yake ina nguvu ndogo ili wimbi la mtaa huu life kabla halijafika mtaa ule.

Kwa fundi mitambo, mpango huo una mantiki, kwani masafa ya Nairobi ni haba na kila mwekezaji anayataka. Kwa mkazi una maana nyingine: mtaa umeruhusiwa kusema, mradi usisikike mbali. Ndiyo maana naiona historia ya kupeperusha sauti na picha kupitia intaneti katika mitaa hii kuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya kuitoroka 99.9.

Koch FM ilitangulia mwaka 2006, ikitangaza kutoka ndani ya kontena. Mwaka uliofuata Adam Hussein akaanzisha Pamoja FM Kibera. Stesheni hiyo ilikuwa bado changa Desemba 30, 2007, Waziri wa Usalama wa Ndani John Michuki alipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, matokeo ya urais yakiwa yanaiwasha nchi moto. Marufuku ile ilishika. Kila kilichorushwa hewani kilipitia milingoti michache, na kila mlingoti ulikuwa na mwenye leseni anayejulikana anakoishi. Intaneti nayo ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya kusuasua. Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake walipounda Ushahidi kukusanya habari za ghasia kwenye ramani, walitegemea maandishi, ikiwemo SMS. Herufi 160 zilipenya pale ambapo video ingekwama.

Si kwamba programu hazikuwepo. RealAudio ilikuwa ikipeperusha sauti mtandaoni tangu 1995. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nullsoft, waundaji wa Winamp, walitoa Shoutcast, iliyomwezesha yeyote mwenye kompyuta na laini ya simu kuwa na redio yake. Laini ndiyo iliyokuwa kikwazo, na hapa hesabu kidogo haiepukiki.

Video ya ukubwa wa 1280 kwa 720, yenye picha 25 kwa sekunde, ikiachwa bila kubanwa inadai megabiti 553 kila sekunde. Hakuna waya uliofika kwenye nyumba ya mabati wenye kubeba mzigo huo. Programu ya kubana, hasa inayofuata kanuni ya H.264 iliyopitishwa mwaka 2003, inaushusha hadi megabiti mbili au tatu. Hutuma picha moja kamili, kisha katika zinazofuata hutuma tu kilichobadilika. Ni kama jirani mmbea: harudii kukueleza kwamba nyumba ni ile ile, anakwambia nani kaingia na nani katoka. Ukuta wa udongo nyuma ya mtangazaji haugharimu chochote. Matatu ya 46 ikipita na michoro yake yote, programu inatoka jasho, na laini ikiwa nyembamba picha inavunjika vipande vya mraba.

Nyaya za baharini ndizo zilizolegeza kamba. TEAMS, kutoka Fujairah, na SEACOM zilitua Mombasa mwaka 2009. Mwaka uliofuata vijana wa Kibera, chini ya mradi wa Map Kibera, walianzisha Kibera News Network. Walizunguka vichochoroni na kamera ndogo za mkononi, wakahariri, kisha wakapandisha YouTube. Kazi yao haikuwa mubashara, lakini kwa mara ya kwanza moto wa nyumba au mkutano wa wazee wa mtaa ulisimuliwa na wenyeji, si na mwandishi aliyeshuka kwenye gari dakika kumi zilizopita.

Mubashara ilikuja kwa njia mbili. Mwaka 2012 Hugh Bailey alitoa OBS, programu ya bure ya kupeperusha mubashara iliyoundwa kwa wacheza michezo ya kompyuta, ambayo sasa utaikuta kwenye laptopu ya kanisa lolote lenye kamera mbili. Mwaka 2016 Facebook ikawafungulia watu wote uwanja wa kutangaza moja kwa moja kutoka kwenye simu. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Poa! ilianza kuuza intaneti isiyo na kikomo Kibera na Kawangware, kupitia antena za juu ya paa, na Taasisi ya Tunapanda ikaunganisha shule na vituo vya vijana vya Kibera kwa mtandao wa jamii. Stima ya kusambaziwa ilipokatika, bila shaka, vyote vilikatika.

Kisha ikaja Januari 30, 2018. Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata wakati Kibera iko ndani ya eneobunge hilo, alikula kiapo cha "rais wa wananchi" Uhuru Park. Maafisa wa serikali walikwenda hadi kwenye mitambo ya Limuru, na NTV, KTN, Citizen na Inooro zikazimwa. NTV na KTN zikahamia YouTube na Facebook na kuendelea kupeperusha sherehe. Mahakama Kuu iliamuru mitambo iwashwe, lakini NTV na KTN hazikurejea hewani hadi Februari 5.

Mubashara ya mtandaoni, ni kweli, huchelewa kidogo, maana programu hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa ili isikwame. Shabiki wa Arsenal anayetazama kwenye simu analijua hilo vizuri: goli huanza kwa mayowe ya jirani mwenye dekoda.

Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na hata yalipofunguliwa Julai yaliruhusiwa waumini 100 tu kwa saa moja. Waliobaki walihubiriwa kwenye simu. Ibada, harusi na matanga vilizoea kamera, na vijana waliojifunza kuchanganya sauti kanisani wakapata kazi ya mwishoni mwa wiki.

Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ilidorora nchini. Safaricom ilieleza kwamba nyaya mbili za baharini zilikuwa na hitilafu. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyo hiyo, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na NTV na KTN zikakatwa hewani. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo siku hiyo hiyo, lakini kwa watazamaji wengi amri hiyo ya mahakama haikuwa na haraka: vituo vilikuwa vikiendelea mtandaoni, na mbele ya kila safu ya polisi palikuwa na simu zilizoinuliwa. Michuki mwaka 2007 alihitaji kuwapata wenye milingoti. Mamlaka ya 2025 ingelazimika kuzima simu zote hizo.

Kilichobaki ni bei. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, na bando la kijana wa kibarua halina saa nyingi za namna hiyo. Redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 hula kama megabaiti 29. Saa nzima ya 99.9 haili bando hata kidogo, na ndiyo maana redio za mitaa hii, hata zikipeperusha mtandaoni, hazijang'oa milingoti yao.