Askari wa mahakama
Nomino, ngeli ya a-/wa-. Nchini Marekani, katika kaunti nyingi, ni ofisa wa ofisi ya sherifu anayelinda usalama mahakamani: hukagua waingiao, hudumisha utulivu na husindikiza mahabusu.

Mfano: Askari wa mahakama alimwomba shahidi aweke mkoba kwenye mashine ya ukaguzi.

Tanbihi: Mfasiri asimwite dalali wa mahakama. Nchini Tanzania, dalali hukamata na kuuza mali ya mdaiwa katika utekelezaji wa hukumu. Shahidi akiambiwa kuwa dalali yuko mlangoni, huenda akageuka na kurudi nyumbani, na ushahidi wake ukapotea.

Vilevile sherifu, neno lenye asili ya Kiingereza, lisichanganywe na sharifu, neno la asili ya Kiarabu, yaani mtu wa ukoo wa Mtume.