Ujaini Katika Vyuo vya Ughaibuni

Tunapoadhimisha siku ya hekalu letu hapa Mkoani, twawakumbuka ndugu zetu Wajaini, wafuasi wa dini inayokataza kudhuru kiumbe, waliovuka bahari kutoka Gujarat kama wazee wetu. Mwaka 1893 Virchand Gandhi aliieleza dini hiyo huko Chicago. Baadaye Wajaini wengi wa Afrika Mashariki walihamia Uingereza. Huko London, chuo cha SOAS kilianzisha kituo cha taaluma za Ujaini mwaka 2004. Mwaka 2006 ikachapishwa orodha ya miswada ya Kijaini iliyomo katika Maktaba ya Uingereza, juzuu 3.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuzitunze hati za Kigujarati zilizosalia majumbani mwetu, wangalipo wazee wa kuzisoma.