Asili ya njiwa koko

Njiwa koko ni njiwa wanaoishi mijini bila mwenyewe: kwenye paa za masoko, chini ya madaraja, kwenye kingo za madirisha ya maghorofa. Ni uzao wa njiwa waliofugwa, wakatoroka, wakapotea au wakaachwa, kisha wakaendelea kuzaana wenyewe. Kispishi hawatofautiani na njiwa manga wa vizimbani wala na njiwa wa miamba wa porini. Wote ni *Columba livia*, na wakikutana huzaana bila shida, jambo linalofanya nasaba yao iwe ngumu kuchambua.

Babu wa wote, njiwa wa miamba, hutaga kwenye majabali na mapango ya Ulaya, Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi. Si ajabu kwamba ukuta wa ghorofa haumsumbui mjukuu wake. Alianza kufugwa maelfu ya miaka iliyopita huko Mashariki ya Kati. Leo wafugaji wanahesabu zaidi ya aina 350. Wapo wanaovimbisha gole, wenye manyoya hadi vidoleni, wanaopinduka hewani, na wenye mkia wa manyoya 30 au zaidi badala ya 12 ya kawaida.

Wafugaji wengi wa Uingereza wa karne ya 19 waliamini kwamba kila aina ilitokana na ndege wake wa porini. Charles Darwin hakukubali. Alifuga njiwa nyumbani kwake Kent, akajiunga na vilabu viwili vya wafugaji London, akazalisha aina mbalimbali kwa kuzichanganya. Baadhi ya wajukuu wa ndege weusi na weupe walitokea wakiwa na rangi ya kijivu-buluu na mikanda miwili myeusi bawani, yaani sura ya njiwa wa miamba. Hoja kwamba aina zote zina babu mmoja aliiweka katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha mwaka 1859, na vipimo vya DNA vimeithibitisha.

Kuhusu nasaba ya njiwa koko wenyewe, jibu zuri lilipatikana mwaka 2012, pale Michael Shapiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walipolinganisha jeni za aina 70 za njiwa wa kufugwa na za njiwa koko wa Marekani. Ndege wa mitaani walionekana kuwa karibu zaidi na njiwa wa mashindano ya mbio. Bara la Amerika ya Kaskazini halikuwa na ndege huyu kabla ya Wafaransa kumleta Port-Royal, katika Kanada ya leo, mwaka 1606. Hata hivyo, damu ya mitaani imeendelea kuongezewa nguvu tangu hapo. Katika mashindano ndege hufunguliwa hata mamia ya kilomita kutoka kwao, na si wote wanaorudi. Aliyepotea ana mabawa imara na umbo lisilo mbali na la babu yake, hivyo hujiunga na kundi la mjini akaishi. Mwenye mkia mzito wa maonyesho, akitoroka, hafiki mbali kabla ya kunaswa na mwewe.

Sehemu moja ya urithi huo, hata hivyo, ilitoka kwingine kabisa. Njiwa wengi wa mijini hawana mikanda miwili. Mabawa yao yamejaa madoa meusi. Mwaka 2018 kundi la Shapiro lilionyesha kwamba toleo la jeni NDP linaloleta madoa hayo lilitoka kwa *Columba guinea*, njiwa wa Afrika mwenye ngozi nyekundu kuzunguka macho, anayeonekana pia Kenya na Tanzania. Huenda wafugaji fulani wa zamani waliwachanganya ndege hao kwa ajili ya rangi. Hitilafu nyingine ya jeni hiyohiyo hufuta mikanda yote na huhusishwa na uoni hafifu. Kwa binadamu, NDP ikiharibika husababisha ugonjwa wa Norrie, upofu wa kurithi.

Damu hutiririka pia kurudi porini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta njiwa wa miamba wa visiwa vya Outer Hebrides, Uskoti, wakiwa karibu hawana mchanganyiko, ilhali wale wa Orkney wamekwisha kuchanganyika sana na njiwa koko. Kuwatambua njiwa wa miamba halisi kwa macho tu hakutoshi, kwa sababu njiwa koko wengi bado huzaliwa na kijivu kilekile na mikanda ileile miwili.