Chombo cha Ushirika na Haki za Wenyewe

Watu kushirikiana chombo kimoja cha baharini si jambo la jana. Suratul Kahf, aya ya 79, inataja jahazi la masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambalo Khidhr (A.S.) alilitia kasoro ili mfalme dhalimu asilinyang'anye. Al-Baghawi na al-Qurtubi wamepokea katika tafsiri zao kauli ya Ka'b kwamba wenyewe walikuwa ndugu kumi: watano walemavu, na watano ndio walioingia baharini. Waliobaki nchi kavu nao walikuwa wenye chombo.

Imam Shafii, aliyefariki mwaka 204 H (820 M), aliitolea dalili aya hiyo kuwa mtu huweza kumiliki kitu na bado akawa masikini.

Huko Misri, mali ya ushirika ilihesabiwa kwa kirati 24. Hesabu hii inaafikiana vizuri na mirathi. Mwenye chombo kizima akifa na kuacha watoto, thumuni ya mke ni kirati 3, na sudusi ya mama ni kirati 4.

Basi wenye mashua ya ushirika, hasa iliyochakaa, waandikiane: fungu la kila mmoja, nani atalipia kalafati na tanga, na pato ligawanywe vipi. Al-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika madeni. Na mshirika akifa, fungu lake ni la warithi wake. Tusile mali ya mayatima kwa kuwa baba yao hayupo tena chomboni.

Wallahu a'lam.