Heroe wa Nakuru na Ndege Aliyefungwa Fundo la Shingo

Tarehe 27 Februari mwaka huu, ilipotimia miaka 30 tangu michezo ya Pokémon ianze kuuzwa nchini Japani, mjukuu wangu wa hapa Rhonda alinijia na simu ya mamake mkononi, akanionyesha ndege wa rangi ya waridi, mwenye miguu mirefu na shingo iliyopigwa fundo kama kamba ya mbuzi, akaniuliza: "Babu, huyu Flamigo ni wa kubuni tu ama yuko kweli?" Nilistaajabu, kwa maana kutoka mlangoni petu hadi ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru ni mwendo wa miguu, na nilipokuwa kijana ufuo wa ziwa hilo aghalabu ulikuwa wa waridi mtupu.

Asili ya michezo hiyo inajulikana: Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukusanya wadudu, ndiye aliyeianzisha, na Ken Sugimori akawachora viumbe wake wa kwanza. Flamigo alizaliwa baadaye sana, tarehe 18 Novemba 2022, katika nchi ya kubuni iitwayo Paldea, ambayo wasanii waliiiga kutoka Hispania na Ureno; kwa hiyo yamkini kielelezo chao walikuwa heroe wakubwa wa maziwa ya chumvi ya Andalusia, wala si hawa wadogo wetu. Wamempa urefu wa mita 1.6 na uzito wa kilo 37, ilhali heroe mdogo wa Nakuru hafiki kilo tatu, wamemfanya mpiganaji, na fundo lile la shingoni, wasema, huzuia nguvu zilizo tumboni zisimtoke mdomoni. Kichekesho kizuri, lakini ndege wa kweli ana maajabu kupita hayo, na aliyeyaona kwa macho nusura yamgharimu uhai.

Huyo ni Leslie Brown, bwana shamba wa serikali ya kikoloni, ambaye kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya heroe ndicho ninachokitegemea hapa. Katika siku zake ndege hawa walionekana kwa malaki katika maziwa ya Bonde la Ufa, wakiinamisha vichwa juu chini ili kuchuja ule mwani uwapao rangi yao, na bado wataalamu hawakuwa na hakika wanataga wapi. Mwaka 1954 Brown aliviona viota vyao akiwa angani, katikati ya Ziwa Natron, upande wa Tanganyika, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga. Naye, asiyeridhika na habari za juu juu, akaazimia kuwaendea kwa miguu. Masafa aliyoyadhani mafupi yakazidi kurefuka, ukoko wa magadi ukawa unampasukia chini ya nyayo na kumtumbukiza katika tope la moto, na magadi yakamla ngozi ya miguu, hata alipojikokota akarudi ufuoni alikuwa hajiwezi. Alilazwa hospitali kwa wiki nyingi, akapandikizwa ngozi. Baada ya mateso hayo yote, viota vyenyewe hakuvifikia.

Mwaka 1962 ndege wakahamia Ziwa Magadi, wakajenga vichuguu vyao vya tope na kutaga kila jozi yai moja. Makinda yalipoanguliwa, magadi yakaganda miguuni mwao yakawa mafurungu mazito kama jiwe, wasiweze kukimbia wala kuruka. Brown alikuwako tena, pamoja na Alan Root, mpiga filamu, na wengineo, wakiyavunja mafurungu hayo kwa nyundo, kinda baada ya kinda, hata maelfu wakaokoka. Kama ningekuwa mchoraji wa michezo ningeliacha fundo la shingo, nikalichora furungu hilo.

Yaliyofuata nayapita mbio. Ziwa Nakuru lilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1968, likaingizwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu mwaka 1990, na mwaka 2011, pamoja na Bogoria na Elementaita, likapewa heshima ya urithi wa dunia. Wakati heshima hiyo inafika maji yalikuwa yameanza kupanda. Yakalifunika lango kuu la zamani, yakawatoa watu wa mtaa wa Mwariki majumbani mwao, yakazimua magadi, na mwani ulipopungua heroe wengi wakahamia Bogoria. Sisi nasi kwa miaka mingi tumelipelekea ziwa maji taka na takataka za mji kupitia mito na mifereji, na sasa Nakuru ni jiji, lenye picha za heroe kutani na kwenye matatu, lakini watoto wanaomjua ndege huyo kwa simu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu wa Rhonda na Kaptembwo: basi la ziara la muhula ujao lisiende Nairobi kutazama majumba marefu. Lishike barabara ya Marigat mapema asubuhi hadi Bogoria, na watoto waonyeshwe heroe akila, kichwa juu chini, shingo haina fundo.