"Hapo Pamekaa Bure": Historia Fupi ya Bustani za Mjini (UZI)

1/ Kila msimu wa siasa, kuanzia huku kwetu Kitale hadi Nairobi, lazima uisikie hii: "Hapo pamekaa bure, wacha tujenge." Sitaji mtu wala chama. Twende na historia tu.

2/ Nyumbani kwanza. Nyuma ya Makumbusho ya Kitale kuna msitu mdogo wenye njia ya kutembea. Ukipita barabarani huuoni. Makumbusho yalitokana na mkusanyiko wa mlowezi aitwaye Stoneham, yakafunguliwa 1974. Msitu umo ndani ya ardhi ya umma yenye msimamizi anayejulikana. Kumbuka hilo.

3/ Nairobi, 1906: mfanyabiashara A.M. Jeevanjee anawapa wakazi bustani katikati ya mji. 1991 kukaja mpango wa kujenga hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani. Bustani ipo hadi leo.

4/ 1989: jengo la ghorofa 60 lilipangwa kusimama Uhuru Park. Wangari Maathai akapinga, mradi ukafa. Januari 1999 alipigwa akitetea msitu wa Karura. Leo watu wanakimbia mazoezi humo, na wengi hawajui kuna mtu alivuja damu.

5/ Ripoti ya Tume ya Ndung'u (2004) ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, misitu ikiwemo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, ikaeleza ardhi ya umma ni ipi.

6/ Na wale wanaolima sukuma kando ya reli na mito? Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini 2015. Poa. Lakini ruhusa ya kulima si hati ya shamba. Mama akiamka apate tingatinga, hana karatasi ya kuonyesha.

7/ "Lakini vijana wanataka kazi na nyumba!" Kweli kabisa, hata mimi nitahitaji zote mbili. Mji lazima ujengwe. Kwa hivyo usibishane kuhusu miti pekee, uliza:
– Ardhi imesajiliwa kwa jina la nani?
– Nani aliidhinisha ibadilishwe matumizi?
– Wananchi waliulizwa lini, kabla au baada?

8/ Mahali panapoitwa "bure" mara nyingi pana watu tayari: wanalima, wanapumzika, watoto wanacheza. Wanachokosa ni karatasi. Mkutano wa kaunti ukiitwa, nenda na maswali hayo matatu.