Hukumu ya Mwezi wa Nane: Green Bay na Makwotabeki Wake

Agosti 2, 1963, mabingwa wa mpira wa Marekani walifungwa na vijana waliokuwa wametoka tu vyuoni. Mechi ilipigwa Chicago, uwanja wa Soldier Field. Ilikuwa desturi iliyoanzishwa mwaka 1934 na Arch Ward, mhariri wa michezo wa gazeti la Chicago Tribune: kila kiangazi, kabla ligi haijaanza, bingwa wa nchi alipambanishwa na kikosi cha nyota wa vyuo vikuu. Bingwa mwaka ule alikuwa Green Bay Packers ya kocha Vince Lombardi, timu iliyotwaa kombe mwaka 1961 na tena 1962. Ikalala 20 kwa 17. Aliyewamaliza aliitwa Ron VanderKelen, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mzaliwa wa Green Bay yenyewe, kijana ambaye hakuna timu hata moja ya NFL, ligi kuu ya kulipwa, iliyomchagua katika mgawo wa wachezaji wa vyuo. Pasi yake kwa Pat Richter, mwenzake wa chuo, ilizaa tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa mpinzani) ya yadi 74.

Jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwanda cha karatasi, alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Ananiambia kwamba mtaani kwao watu wazima waligombana wiki nzima: tumemwachaje mtoto wetu aende zake? VanderKelen alisajiliwa na Minnesota Vikings, akakaa huko misimu mitano, sehemu kubwa nyuma ya kwotabeki wao, Fran Tarkenton, na hakuwahi kuwa kwotabeki wa kutegemewa. Usiku ule wa Agosti ndio uliobaki kuwa mkubwa kuliko yote aliyofanya katika mpira wa kulipwa.

Nataka kusimulia habari za desturi hii ya kumhukumu kwotabeki kabla ya ligi, maana nimeishi ndani yake kwa miaka mingi sasa. Nilikuja Green Bay kufanya kazi kiwandani, kazi ya kukata na kufungasha nyama, na ndiyo kazi iliyoipa timu hii jina. Mwaka 1919 kijana aitwaye Curly Lambeau aliiomba kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi, Indian Packing Company, fedha za jezi na vifaa. Akapewa dola 500. Timu ikaingia kwenye ligi mwaka 1921, na kuanzia 1923 ikawa mali ya wananchi kwa hisa. Leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni. Hisa hazina gawio wala haziwezi kuuzwa sokoni kwa faida, lakini ukiingia sebuleni kwa yule mzee utaona cheti chake ukutani karibu na picha za wajukuu. Msomaji aliyezoea wanachama wa Simba na Yanga ataelewa haraka kwa nini watu hawa wanaona wana haki ya kusema.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi, na ana kama sekunde tatu za kuamua arushe, ampe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Akiwa mbovu, hakuna mchezaji mwingine anayeweza kuziba pengo lake. Ligi huanza Septemba. Agosti ni ya kambi na mechi za kujipima nguvu, na ndipo kwotabeki mpya huonekana kwa mara ya kwanza.

Mechi hizo zina historia yake hapa Wisconsin, jimbo letu, na siyo ndogo. Tangu 1950 timu ilikuwa ikicheza moja Milwaukee kuchangia hospitali za watoto, na mwaka 1961 ikaanza nyingine Green Bay kuchangia kazi za huruma za dayosisi ya Kikatoliki. Kisha kuna suala la tiketi. Tiketi za msimu za uwanja wa nyumbani, Lambeau Field, zimekuwa zikiisha kila mwaka tangu 1960, na orodha ya wanaosubiri ina majina zaidi ya laki moja, katika mji wenye watu laki moja na ushee. Watu huwaandikisha watoto wachanga. Kwa hiyo mwenye tiketi za msimu humpa jirani, shemeji au mfanyakazi mwenzake ile ya Agosti, na ndivyo nami nilivyoingia Lambeau Field mara ya kwanza. Wanaotoa hukumu ya Agosti kwa sehemu kubwa ni watu ambao Desemba watakuwa mbele ya televisheni. Wamepewa usiku mmoja, na wanautazama kwa umakini ambao sijauona penginepo.

Hukumu hizo, ukizifuata miaka 60 na zaidi, zimekosea mara nyingi mno.

Bart Starr alichaguliwa mwaka 1956 akiwa mtu wa 200, duru ya 17, kutoka Alabama ambako msimu wake wa mwisho alikaa benchi. Mwaka 1958 Packers walishinda mechi moja, wakatoka sare moja, wakapoteza 10. Lombardi alipofika mwaka 1959 hakumwona Starr kuwa mtu wake. Alimleta Lamar McHan kutoka Cardinals na kuanza ligi naye. Starr alipata nafasi msimu ukiwa umefika katikati. Tangu hapo alichukua ubingwa mara tano, zikiwamo Super Bowl (fainali kuu ya mchezo huu) mbili za kwanza, na zote mbili akatajwa mchezaji bora wa mechi. Yule kijana wa Soldier Field aliyemfunga mwaka 1963 anatajwa leo na wazee wachache.

Kambi ya mwaka 1992 ilikuwa ya Don Majkowski, kipenzi cha mji tangu msimu wake mzuri wa 1989. Nyuma yake alikuwapo kijana ambaye meneja Ron Wolf alimleta Februari kutoka Atlanta kwa kutoa nafasi ya kuchagua mchezaji duru ya kwanza. Msimu uliotangulia kijana huyo alirusha pasi nne tu: hakuna iliyomfikia mwenzake, na mbili zilinaswa na wapinzani. Jina lake Brett Favre. Septemba 20 Majkowski aliumia kifundo cha mguu dhidi ya Cincinnati, Favre akaingia, akaudondosha mpira mara kadhaa, na jukwaani watu wakaanza kuimba jina la Ty Detmer, kwotabeki mwingine wa akiba. Zikiwa zimebaki sekunde 13 Favre alimpasia Kitrick Taylor yadi 35, wakashinda 24 kwa 23. Wiki iliyofuata alianza yeye, na hakukosa kuanza hata mechi moja ya Packers hadi alipoondoka, miaka 16. Mwaka 1994 kambini kulikuwa na makwotabeki wanne: Favre, Mark Brunell, Detmer, na kijana wa Iowa aitwaye Kurt Warner. Huyu wa nne aliachwa, akarudi kwao kupanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka kubwa. Msimu wa 1999, akiwa St. Louis, alikuwa mchezaji bora wa ligi na bingwa wa Super Bowl.

Kwa nini Agosti inadanganya hivi? Sababu zipo ndani ya mchezo wenyewe. Kambi ina wachezaji 90, na ligi ikianza wanabaki 53. Mlinzi anayemkimbiza kwotabeki katika robo ya nne mara nyingi ni mtu ambaye baada ya wiki mbili atakuwa hana kazi. Makocha huficha mipango yao, hivyo ulinzi unaoonekana ni ule wa kawaida kabisa, usio na mitego. Wakongwe hucheza dakika chache au hawachezi kabisa. Mazoezini kwotabeki huvaa jezi nyekundu, na ni marufuku kumwangusha. Sasa jambo kubwa la kazi yake ni kusimama wima na kutazama mbali huku mtu wa kilo 130 anamjia kifuani, na hilo haliwezi kuonekana kwa mtu asiyeruhusiwa kuguswa. Detroit Lions walishinda mechi zao zote nne za kujipima nguvu mwaka 2008, halafu wakapoteza zote 16 za ligi.

Mwaka huohuo wa 2008 ndio unaoniuma, na ndio uliobadilisha mji huu.

Machi Favre alitangaza kustaafu huku akilia. Timu ikamkabidhi Aaron Rodgers nafasi. Rodgers alikuwa amechaguliwa mwaka 2005, mtu wa 24, akasubiri miaka mitatu, na katika Agosti zake za kwanza hakung'ara; nilisikia wenzangu kiwandani wakisema tumepoteza nafasi bure. Kiangazi Favre akabadili mawazo. Jumapili, Agosti 3, ulikuwa usiku wa familia Lambeau Field, ambapo timu ilikuwa ikicheza yenyewe kwa yenyewe mbele ya wazazi na watoto. Jioni ileile ndege ya Favre ilikuwa inatua Green Bay, na watu walikuwa wamejipanga kwenye uzio wa uwanja wa ndege kumpungia mkono. Rodgers alirusha pasi, ikapotea. Akaanza kuzomewa. Wengine walisimama kumshangilia ili kuzima ile sauti, lakini sauti ya kuzomea inasikika hata ikiwa ya wachache. Karibu yangu mtoto aliyevaa jezi namba 4, ya Favre, alimuuliza baba yake kama na yeye azomee. Baba alinyamaza.

Siku chache baadaye Favre alipelekwa New York Jets. Rodgers alianza msimu, timu ikashinda sita na kupoteza 10, na waliozomea wakasema tuliwaambia. Februari 2011 alirudi na kombe la Super Bowl baada ya kuifunga Pittsburgh 31 kwa 25, akiwa mchezaji bora wa mechi. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi aliipata mara nne. Pamoja na yote hayo, usiku ule haukufutika. Waliokuwapo hawapendi kuuzungumzia, na katika miaka yangu hapa sijakutana na mtu mmoja anayekiri kwamba alizomea.

Ndiyo maana niliitazama kwa moyo mzito zamu ya Jordan Love. Alichaguliwa mwaka 2020, mtu wa 26, kutoka Utah State, na katika msimu wake wa mwisho chuoni pasi 17 zilikuwa zimenaswa na wapinzani. Mji ulikasirika; ulitaka mtu wa kumsaidia Rodgers, siyo wa kumrithi. Ugonjwa wa korona ukafuta mechi zote za kujipima nguvu mwaka ule, kwa hiyo hasira ilikaa mwaka mzima bila chochote cha kutazama. Agosti 14, 2021 akacheza hatimaye, dhidi ya Houston: pasi 12 kati ya 17, yadi 122, tachidauni moja, kisha akatoka na maumivu ya bega. Usiku ule mzee jirani yangu alinifundisha kitu ninachokifuata hadi leo. Aliniambia nisitazame mpira, nitazame miguu. Je, inatulia kabla ya kurusha, au inacheza? Nitazame kichwa: anamkodolea macho mtu mmoja, au anahama kutoka kwa wa kwanza hadi wa tatu? Na pasi ikiharibika, nitazame anarudije kwa wenzake. Mambo hayo matatu, alisema, hayategemei ubora wa mpinzani.

Rodgers alipouzwa Aprili 2023 na Love kupewa timu, nilikwenda mazoezini kama kila mwaka. Wachezaji bado hutoka uwanjani kwenda mazoezini kwa baiskeli za watoto, desturi ya tangu enzi za Lombardi: jitu linakalia kibaiskeli, magoti yamefika kifuani, na mwenye baiskeli anakimbia pembeni amembebea kofia yake ngumu. Love alirusha mipira mingine mibovu asubuhi ile. Watu waliguna, wakasubiri. Msimu ulipoanza timu ilifikia ushindi mara tatu na vipigo sita, na hata hapo manung'uniko hayakugeuka kuwa kama ya 2008. Mechi nane zilizobaki wakashinda sita. Januari 2024 walikwenda Dallas wakaifunga Cowboys 48 kwa 32, Love akitoa pasi tatu za tachidauni. Julai timu ilimpa mkataba mpya wa dola milioni 220.

Sisemi watu waache kwenda kutazama mwezi wa nane. Timu ni yao, na kwa wengi ile ndiyo tiketi pekee watakayoishika mwaka mzima. Lakini Favre alichukua ubingwa katika msimu wake wa tano hapa, na Starr na Rodgers wote wawili katika wa sita. Siku moja atakuja kijana mwingine mwenye jezi nyekundu, na pasi yake ya kwanza itaanguka chini mbele ya watoto wetu. Ndugu zangu wa Green Bay, na ninyi mnaofuatilia mchezo huu mkiwa mbali, msimzomee.